Mteja akisema "pedi za Premio" bado hajasema kitu

Swali: "Mama, nina miaka 22, niko Busia upande wa Uganda. Miezi miwili iliyopita nilipata kazi kwenye duka la spea. Bosi alinionyesha rafu kwa siku tatu, kisha akaniachia kaunta. Tangu hapo nimetoa spea zisizofaa mara tano. Mbili zilirudi zimeshaharibika, na pesa yake ikakatwa kwenye mshahara wangu. Sijasomea umakanika. Tena wateja wengi wakiniona wanauliza, 'Mwenye duka yuko wapi?' Je, niache niende chuo cha ufundi kwanza, au kazi hii inaweza kujulikana hapa hapa kaunta?"

Mwanangu, usiache kazi. Chuo ni kizuri, na ukipata cha jioni nenda, lakini shida uliyonieleza chuo hakitaiponya. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta miaka 19, ya mwanzo nikiwa soko la spea la Kisekka pale Kampala na iliyobaki huku mashariki, na sijawahi kushusha injini. Fundi anatakiwa ajue kwa nini gari linagoma. Wewe unatakiwa ujue kile anachokitaka ni kipi hasa kati ya vitu 20 vinavyofanana vilivyo nyuma ya mgongo wako. Hiyo ni elimu ya peke yake, na mlango wake ni kuuliza. Ninavyokusoma, hizo spea tano hukuzitoa kwa kutojua injini. Ulizitoa kwa sababu mteja alikuwa na haraka nawe ukaona haya kumwuliza.

Chukua neno Premio, ile Toyota. Kwenye barabara zetu kuna Corona Premio ya zamani yenye mwili wa 210 (mwili ni toleo la gari, hutajwa kwa namba), kuna mwili wa 240, kuna wa 260. Ndani ya 240 peke yake, NZT240 ina injini ya 1NZ ya cc 1500, ZZT240 ina 1ZZ ya cc 1800, na AZT240 ina 1AZ, ile wanayoiita D4, ya cc 2000. Anayekuomba "pampu ya maji ya Premio" amekutajia magari manne matano kwa pumzi moja. Na wewe uko mpakani, kwa hiyo kwako ni zaidi. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Sisi wa Uganda, tangu sheria ilipobadilishwa 2018, mwisho wetu ni miaka 15. Premio ya mtu wa upande wa Kenya mara nyingi ni mwili mpya kuliko ya jirani yako, na wote wawili watasimama mbele yako waseme jina lile lile. Ongeza majina ya mtaani: drone kwa Hiace ya umbo jipya, kikumi kwa Corolla ya mwili wa 100. Yajue majina hayo yote, maana ndiyo lugha ya wateja wako, lakini usiuze spea kwa jina la mtaani.

Swali lako la kwanza liwe namba ya chasisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu 17. Yana herufi na namba za mwili, kistari, kisha tarakimu za gari lenyewe. Utaikuta kwenye logibuku. Kwa Toyota nyingi iko pia kwenye kibati kilichopigiliwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, na kibati hicho hicho kinataja aina ya injini na ya giaboksi. Gari liko nje? Toka nje. Mwombe afungue boneti, futa vumbi kwa kitambaa, piga picha kwa simu. Dakika mbili hizo zingekuokolea ule mshahara.

Ukiwa hapo kwenye boneti, usiishie kwenye kibati. Tazama injini yenyewe. Magari yetu yamebadilishwa injini sana. Kibati kinaweza kusema 1NZ na mle ndani kukawa na kitu kingine kabisa kilichotoka kwenye gari lililogongwa. Kwa hiyo spea za mwili na miguu, kama shokapu, bolijointi, pedi na taa, nazitafuta kwa namba ya chasisi. Spea za injini, kama plagi, gasketi, belti na pampu ya maji, nazitafuta kwa injini niliyoiona kwa macho yangu. Hili hakuna aliyenifundisha. Nililijua baada ya kumuuzia mzee mmoja gasketi ya silinda hedi mara mbili, zote mbili zikarudi, na yeye amelala kwenye gari lake siku mbili nje ya duka letu.

Kitu cha pili ni kusoma namba za boksi. Namba ya spea ya Toyota huwa na tarakimu kumi, zimegawanywa tano kwa tano. Tano za kwanza zinakuambia ni kitu gani: 04465 ni pedi za mbele, 04466 ni za nyuma, 90915 ni filta ya oili, 17801 filta ya hewa, 45046 tairodi endi, 43330 bolijointi ya chini, 48820 linki ya stabilaiza. Tano za mwisho ndizo zinazotofautisha ya gari hili na ya lile, na kwenye baadhi ya spea huchanganyika na herufi. Hata makampuni mengine yanayotengeneza spea za Toyota mara nyingi huchapa namba hiyo pembeni ya boksi ili muuzaji alinganishe. Nunua daftari gumu. Kila unapouza kitu na kisirudi, andika mwili wa gari, injini na namba ya boksi. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kompyuta ya duka, kwa sababu limeandikwa kutokana na magari yanayopita Busia, yale yale yatakayorudi kwako.

Swali la pili: "Cha zamani kiko wapi?"

Hapa niruhusu nikae kidogo. Mwaka wangu wa kwanza Kisekka alikuja fundi niliyemzoea, akataka pedi za mbele za Ipsum. Hakuleta za zamani, nami sikumwuliza. Nilizompa masikio yake yalizidi kidogo, kama milimita mbili hivi, na yeye badala ya kuzirudisha akayapiga tupa mpaka zikaingia. Baada ya wiki alikuja mwenye gari mwenyewe. Hakupiga kelele. Alikunjua gazeti juu ya kaunta, mkawa na bati la pedi lisilo na lainingi, tupu, limeng'aa kama kijiko kwa kusuguliwa na diski. Pedi ilikuwa inacheza ndani ya kalipa mpaka lainingi ikabanduka. Alisema breki zilimwishia kwenye mteremko karibu na Lugazi, mkewe na mtoto wakiwa nyuma, akasimamisha gari kwa breki ya mkono na kwa rehema ya Mungu. Bati lile nililishika mkononi. Tangu siku hiyo sijatoa pedi bila kuilaza juu ya ya zamani: nalinganisha urefu, masikio, unene wa bati, tundu la pini, na upande wa kile kibati kidogo kinacholia pedi ikikaribia kwisha. Kama ya zamani haipo, nataka chasisi. Kama hana hata chasisi, namwambia aende akailete, nitamngoja hata kama ni saa ya kufunga. Kuna wanaokasirika. Wakasirike.

Fundi akikuambia "nipe tu, nitaitengeneza iingie", na kitu chenyewe ni cha breki au cha usukani, usimpe. Kwa bampa au kioo cha pembeni, hayo ni yake na mteja wake.

Beringi ni rahisi kuliko zote ukishajua siri yake, na hutaamini jinsi wauzaji wengi wanavyokaa nazo miaka bila kuijua. Siku moja mama kutoka kijijini alileta beringi ya mashine yake ya kusaga posho, imefungwa kwenye kipande cha kitenge, imepauka unga na kutu. Alikuwa ameshazunguka maduka matatu. Kila mtu alisema namba imefutika, hatujui. Nilichukua kipimo cha vania. Tundu lake: milimita 25. Upana wa nje: 52. Unene: 15. Hiyo ni 6205, nikamtolea. Ingekuwa 62 kwa nje na unene 17, tundu likiwa lile lile 25, ingekuwa 6305. Tarakimu mbili za mwisho zizidishe kwa 5 upate tundu kwa milimita: 04 ni 20, 05 ni 25, 06 ni 30. Nne za mwanzo tu ndizo hazifuati hesabu hiyo: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Herufi za nyuma zinasema kuhusu kifuniko: 2RS ni raba pande zote mbili, ZZ ni bati pande zote mbili. Mpe mtu wa mashine ya kusaga yenye raba, vumbi la unga lisiingie. Mama yule alikaa kwenye kiti chetu akacheka peke yake, akasema wenzake wa kijijini walikuwa wanatwanga kwa mikono siku ya tatu. Kipimo cha vania hakigharimu sana. Kama duka halina, mwombe bosi anunue kabla hujamwomba kitu kingine chochote.

Kwa boda boda, na wewe uko Busia ambako jina lenyewe lilizaliwa, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu kutoka boda hadi boda, usikubali jina la pikipiki "Boxer" peke yake. Uliza ya 100 au ya 150. Sproketi hesabu meno kwa kidole mbele ya mteja, ya zamani na mpya, kwa sauti. Vijana wa boda wanajua pikipiki zao vizuri kuliko tunavyowadhania. Wasikilize, watakufundisha bure.

Kushoto na kulia ni kwa dereva aliyeketi kwenye usukani. Akija mtu anasema kulia huku amesimama mbele ya gari, mgeuze kwanza.

Plagi: tazama urefu wa nyuzi zake pamoja na unene. Iliyozidi urefu inaweza kugongwa na pistoni. Na ujue kwamba kwenye NGK na Denso namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi (inayotoa joto lake haraka), kwenye Bosch ni kinyume chake, kwa hiyo usibadilishe kampuni kwa kulinganisha namba tu.

Mafuta nayo yana swali lake. Kwenye kopo kuna herufi mbili baada ya API: inayoanza na S ni ya petroli, inayoanza na C ni ya dizeli. Hiyo utaizoea kwa wiki moja. Kinachoniuma ni oili za giaboksi. Magari mengi yanayoingia sasa yana giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, na mtu anakuja kuomba "ATF nyekundu", oili ya otomatiki ya kawaida, kwa sababu ndiyo aliyozoea kuweka kwenye gari lake la zamani. Ukimpa, giaboksi inaanza kuteleza na kulia, na kuibadilisha kunamla mtu pesa aliyoiweka miaka. Uliza aina ya giaboksi kabla hujagusa kopo. Na mafuta ya breki yafunge kila mara. Yanavuta unyevu hewani, na yakishavuta maji huchemka mapema pale dereva anapoyahitaji. Kopo lililokaa wazi mwezi mzima si la kuuza, hata kama limejaa.

Sasa lipo jambo ambalo hukuliuliza, lakini litakufikia kama halijakufikia. Fundi atakuja na pesa ya mwenye gari mfukoni. Spea ni shilingi 80,000. Atakuegemea kwenye kaunta, aseme kwa sauti ya chini, "Dada, niandikie laki moja na ishirini." Usiposikia atakukumbusha kwamba yeye ndiye aletaye wateja, na kwamba duka la jirani linaandika bila maneno. Anayosema ni kweli. Fundi mmoja anaweza kukuondolea wateja kumi. Nimeyapitia hayo, na kuna mwezi bosi wangu wa wakati ule alininunia kwa ajili yake.

Mimi nayaona hivi. Duka likimpa fundi kitu kidogo kwa kuleta mteja, kikitoka kwenye faida ya duka, hiyo ni shukrani, na mafundi wazuri wanaistahili; mwombe bosi aiweke wazi, kiasi kijulikane, usiwe unaamua wewe. Lakini kuandika bei ya uongo ni kumwibia mtu ambaye hayupo, kwa kalamu yako na kwa mwandiko wako. Siku mwenye gari akipita mwenyewe kuuliza bei, na hupita, atakukuta wewe na wala si fundi. Tena kuna EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Tangu Januari 2021 duka lililosajiliwa kwa VAT linatakiwa kutoa risiti kwa mfumo huo, na kinachoandikwa kinafika URA papo hapo. Ukiandika 120,000, duka linahesabiwa kodi ya asilimia 18 juu ya pesa ambayo haikuingia kwenye droo. Mwambie fundi hivyo hivyo, kwa upole: "Fundi wangu, risiti hii inakwenda URA, siwezi kuandika nisichopokea." Wengi wataelewa. Atakayehama kwa sababu hiyo, mwache ahame.

Upole huo huo utumie kwenye ubora wa mali. Mteja ana haki ya kujua anachonunua: ni genuini ya kampuni iliyotengeneza gari, ni ya kampuni nyingine yenye jina linalojulikana, ni eks-Japani iliyotumika, au ni ile ya bei rahisi ambayo boksi lake lina maneno mengi na bidhaa haina namba popote. Hata hiyo ya mwisho kuna mtu ataitaka kwa sababu ndiyo pesa aliyonayo. Mwambie tu ilivyo, na kwa vya breki na usukani usiiweke mezani. Eks-Japani mimi nauza taa, milango, vioo, hata giaboksi nzima. Belti ya taiming iliyotumika siuzi, na pedi zilizotumika siuzi. Na kwa kuwa uko mpakani, kila bei unayotaja itaje na shilingi yake. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya 20 za kwetu. Mtu akisikia "elfu tatu" akafikiri ni za upande wake, ugomvi wake hauishi leo.

Kuhusu makato. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataja ni makato gani mwajiri anaruhusiwa kuyatoa kwenye mshahara. Si kila anachotaka bosi. Soma mkataba wako, na kama hakuna wa maandishi uombe. Wilaya ina afisa wa kazi, unaweza kwenda kumwuliza bila kumshitaki mtu yeyote. Lakini kabla ya hapo kaa na bosi mkiwa wawili, duka likiwa limefungwa, ukiwa na daftari lako. Mwambie: kuanzia sasa nitaandika namba ya chasisi kwenye kila risiti, nitalinganisha na cha zamani, na vitu vya umeme nitamwambia mteja kabla hajalipa kwamba vikishafungwa havirudi. Nikikosea nikiwa nimefanya yote hayo, tukae tuzungumze. Nikikosea kwa kuyaruka, nieleze. Bosi mwenye akili atakubali, kwa sababu spea inayorudi imechafuka inamwuma yeye kuliko wewe. Asipokubali hata hilo, hapo ndipo utafute duka lingine. Si kwa sababu kazi imekushinda.

Na hao wanaouliza mwenye duka yuko wapi. Mimi pia niliulizwa, miaka. Usijibu "hayupo", maana ukijibu hivyo umemwambia aondoke. Mjibu kwa swali lako: "Karibu mzee. Gari gani, mwili wa ngapi?" Kulikuwa na dereva mmoja wa Fuso, mtu mzima, aliyepita kwangu mara tatu akitafuta mwanamume wa kuzungumza naye. Mara ya tatu nilimtolea beringi ya gurudumu kwa kuipima tu. Mara ya nne aliingia moja kwa moja mpaka kaunta, hakumwuliza mtu, akanisogezea simu. Alikuwa ameshapiga picha ya kibati.